Nani Anakuagizia?

Leo tuzungumze kuhusu jambo tunalolifanya bila kulifikiria. Umeketi, mhudumu amekuja, anauliza: nikuletee nini? Jibu linakutoka hata hajamaliza swali. Huulizi kuna nini wala huulizi bei. Unataja jina la chupa, unasema ya baridi au ya moto, basi.

Jibu hilo ulilitoa wapi? Wengi watasema ladha. Mimi nasema ladha ina sehemu yake, ila ni ndogo kuliko tunavyodhani. Bia nyingi zinazouzwa katika ukanda wetu ni za aina moja, za rangi ya dhahabu, zinazopikwa kwa njia zinazokaribiana sana. Tukifungwa vitambaa machoni tukapewa tatu tuonje, wengi wetu tungepata shida kuitambua ile tunayoapa kwamba hatuwezi kuiacha. Kinachozitenganisha kiliingia kupitia masikio zamani, kabla hatujaonja: wimbo, timu, tamasha, jina alilolitaja msanii tunayempenda.

Nianzie Kinshasa, maana huko jambo hili halijifichi. Mwaka 1956 mji ule ulikuwa bado unaitwa Léopoldville, na bia ya Primus ilikuwa ikipikwa pale tangu miaka ya 1920. Vijana fulani walikuwa wakipiga muziki katika baa iliyoitwa OK Bar, herufi mbili za jina la mwenye baa, Oscar Kashama. Walipounda bendi yao, Franco Luambo akiwa mmoja wao, walichukua jina la baa wakaiita OK Jazz. Lifikirie hilo, msikilizaji. Bendi iliyokuja kutawala rumba kwa zaidi ya miaka thelathini ilibeba jina la mahali pa kunywea. Hakuna mtu wa matangazo aliyekuja baadaye kuukutanisha muziki na kinywaji. Vilikuwa chumba kimoja tangu mwanzo.

Sasa turuke miaka arobaini. Desemba 1997 ilivunjika Wenge Musica, bendi iliyokuwa ikiwarusha vijana kutoka Kinshasa hadi Dar es Salaam na Nairobi. JB Mpiana akabaki na Wenge BCBG, Werrason akaondoka na Wenge Musica Maison Mère. Mji ukagawanyika, na nyumba nazo zikagawanyika, kaka huku na dada kule. Na katika mji huohuo kampuni mbili za bia zilikuwa zinawania wanywaji walewale: Bralima yenye Primus na Bracongo yenye Skol. Ilipofika miaka ya 2000, Werrason alikuwa upande wa Primus, JB Mpiana upande wa Skol. Kampuni zikagharamia majukwaa, vyombo na ziara, na wanamuziki wakapeleka wapenzi wao.

Hapo kuagiza bia kukawa kama kupiga kura. Chupa iliyokaa mezani ilimwambia kila apitaye wewe ni wa nani. Mpenzi wa Werrason akikuta friji ina Skol tupu, alikuwa anaombwa anywe bia ya mpinzani mbele ya marafiki zake, na aibu hiyo ilikuwa ya kweli. Ni lazima nikumbushe pia kwamba Wakongo wana desturi ya kutupia majina ndani ya nyimbo, wanayoiita libanga. Mfanyabiashara, mwanasiasa, mwanamke mwenye duka, kila mmoja analipa ili atajwe, na jina lake linabaki katika rekodi maisha yote. Kampuni za bia hazikulazimika kubuni kitu. Zilikuta mlango uko wazi, zikaingia na fedha nyingi kuliko mfanyabiashara yeyote.

Kwetu Tanzania mambo yalikwenda njia nyingine. Enzi za bendi za dansi, mwenye vyombo hakuwa kiwanda cha bia. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Juwata ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi. Mlimani Park, ndio Sikinde, mwaka 1983 ilichukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ambalo lilikuwa na kumbi zake za starehe. Hata hivyo hesabu ya ukumbini haikutofautiana sana na ya Kinshasa. Watu walilipa kiingilio kwa ajili ya muziki, na wakishaingia walikunywa. Mwimbaji aliyeweza kuwazuia watu wasiondoke hadi saa nane za usiku alikuwa anauza makreti bila kuitaja bia hata mara moja.

Lakini ukumbuke hali ya miaka ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bia ilikuwa bidhaa adimu, kama sabuni na sukari. Mtu alikunywa iliyopatikana, akashukuru. Kampuni haikuwa na haja ya kumlipa mtu yeyote aisifu bia ambayo watu walikuwa tayari wanaipigania.

Kisha ukaja mwaka 1993, ambao kwa maoni yangu ndio mwaka wa kuutazama. Serikali iliuza sehemu ya kampuni ya bia, TBL, kwa South African Breweries ya Afrika Kusini. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya utangazaji iliyoruhusu watu binafsi kuanzisha redio na televisheni, na mwaka uliofuata Radio One ikaanza kusikika hewani. Yaani bia ya kutosha na masikio mengi vilifika sokoni karibu kwa wakati mmoja, na kila kimoja kilimhitaji mwenzake. Bia ilihitaji kusikika. Redio mpya zilihitaji wa kulipia saa zao za hewani, nami niliye mtu wa redio sina budi kulisema hilo waziwazi, kwa sababu mishahara ya watangazaji wengi wa kizazi changu imepitia mkono wa kampuni za vinywaji.

Mwaka 1999 zikaanza tuzo za muziki za Tanzania, na baada ya muda kila mtu akawa anaziita Kili, kwa jina la bia iliyozidhamini. Msanii kuchukua Kili ilikuwa heshima kubwa, na wazazi walijivunia. Kenya nako mwaka 2006 ilianza Tusker Project Fame, shindano la waimbaji wa Afrika Mashariki lililorushwa kwenye televisheni za nchi kadhaa. Valerie Kimani wa Kenya alishinda msimu wa kwanza, na mwaka 2013 ushindi ulikwenda Burundi kwa Hope Irakoze. Rwanda nao wakawa na Primus Guma Guma Super Star kuanzia 2011. Angalia ramani hiyo: Tanzania, Kenya, Burundi, Rwanda, na kila mahali ndoto ya kijana aliyetaka kuimba ilikuwa imefungwa kwenye jina la bia.

Siwalaumu waandaaji. Vijana wale walipata walimu wa sauti, vyombo vizuri na jukwaa ambalo hakuna wizara ya utamaduni katika ukanda huu iliyokuwa imewapa. Ninachosema ni kwamba aliyelipa alipata zaidi ya jina kwenye bango. Alipata nafasi ndani ya kumbukumbu. Mtu aliyekuwa na miaka kumi na mitano akimpigia kura mwimbaji wake hakunywa bia siku hiyo, lakini alipotimiza umri wa kunywa, jina la kuagiza alikuwa nalo tayari.

Na mpira je? Hapa kuna jambo lililonivutia siku nyingi. Kwa miaka kadhaa bia ya Kilimanjaro ilizidhamini Simba na Yanga zote mbili kwa pamoja. Linganisha na Kinshasa. Kule kila bia ilijichukulia upande wake, na ugomvi wa wapenzi ukawa ugomvi wa chupa. Huku bia moja ilivaliwa na mahasimu wote wawili. Mwana Msimbazi wa Simba na mwana Jangwani wa Yanga wanatupiana maneno tangu asubuhi, mmoja anaondoka uwanjani ana furaha na mwingine ana uchungu, na wote wawili wanakwenda kwenye baa moja kuagiza kitu kimoja, huyu kusherehekea, yule kujiliwaza. Matokeo yoyote ya mechi yalikuwa matokeo mazuri kwa bia. Naona aliyebuni mpango huo alituelewa vizuri kuliko tunavyojielewa.

Baadaye uwanja ukabadilika. Mo Dewji, ambaye kampuni zake zinatengeneza soda na vinywaji vya kuongeza nguvu, akawa mwekezaji wa Simba. Kundi la Bakhresa lina Azam FC, lina juisi na soda za Azam, na lina Azam TV inayotuonyesha ligi yenyewe. Mtoto wa Mbagala anaweza kutazama timu, kupitia televisheni, akiwa na chupa mkononi, na vyote vitatu vimetoka nyumba moja. Wazee wetu hawakuwahi kuona kitu kama hicho.

Lakini isionekane kwamba watu wa kawaida ni wa kumezeshwa tu. Kuna wakati mitaa inachukua kalamu. Mwaka 2004 kampuni ya bia ya Kenya ilitoa bia ya bei nafuu ya kupima kwenye glasi kutoka pipa, Senator Keg. Serikali iliipunguzia kodi kwa matumaini kwamba wenye kipato kidogo wangeacha chang'aa na pombe nyingine zisizopimwa, ambazo zimeua na kupofusha watu wengi. Mwaka huohuo, kule Illinois, mtu ambaye baba yake alitoka Nyang'oma Kogelo alichaguliwa kuwa seneta wa Marekani. Wanywaji wa Kenya hawakuhitaji kuelezwa. Bia ikaitwa Obama. Ulikuwa ukiingia baa ukaomba Obama, unaletewa glasi. Kampuni haikutunga jina hilo. Lilitungwa na watu waliokaa kwenye mabenchi ya mbao, na Obama mwenyewe alipoingia Ikulu ya Marekani likawa na nguvu ambayo fedha zote za matangazo zisingeweza kuinunua. Mtu asiye na kitu alikuwa anainua glasi ya bei ya chini kabisa katika mtaa wake, akitaja jina la rais wa taifa lenye nguvu kuliko yote. Kwangu mimi, katika habari yote ya leo, hapo ndipo watu walipojichagulia wenyewe.

Wamarekani weusi nao wana mfano wao wenye funzo tofauti. Mwaka 2002 Busta Rhymes alitoa wimbo ulioitaja Courvoisier kwenye jina lake lenyewe, na mauzo ya konyaki hiyo huko Marekani yakapanda. Ni kinywaji cha wakulima wa zabibu wa magharibi mwa Ufaransa, ambacho Wafaransa wenyewe hawakinywi kwa wingi, na kimepata maisha mapya kupitia muziki wa vijana wa Brooklyn. Sasa njoo kwa Jay-Z. Kwa miaka kadhaa aliisifia shampeni ya Cristal. Mwaka 2006 mkuu wa kampuni inayoitengeneza alipoulizwa na jarida kuhusu wateja hao wa hip hop, alijibu kwa namna iliyoonyesha kwamba hakuwafurahia. Jay-Z akaikataa Cristal hadharani, akahamia Armand de Brignac, ile ya chupa ya dhahabu. Mwaka 2014 akainunua kampuni yenyewe, na mwaka 2021 akauza nusu yake kwa LVMH. Alielewa kwamba sauti yake ndiyo iliyokuwa bidhaa, akaidai thamani yake.

Ninapowatazama wasanii wetu wa Bongo Flava wakishika chupa za konyaki ya Kifaransa katika video zao, wengine bila kulipwa hata senti, najiuliza kama wanajua wanatoa nini. Video inatazamwa Masaki, inatazamwa Westlands, inatazamwa Kahama. Kijana wa Kahama anajifunza kwamba kufanikiwa kunaonekana hivyo, na siku akipata fedha ya mavuno au ya dhahabu, anajua chupa gani iwekwe katikati ya meza ili watu waone.

Wala si pombe peke yake. Mwenye ndugu Muscat au Dubai anaijua Vimto. Ilitengenezwa Manchester mwaka 1908, kinywaji cha zabibu na matunda mengine madogo kilichouzwa kama cha kuongeza afya. Katika miaka ya 1920 wafanyabiashara wa familia ya Aujan wakaanza kukiingiza Ghuba. Tangu hapo kimeshikamana na Ramadhani kiasi kwamba watu wa kule wanakiweka kwenye futari pamoja na tende, na matangazo yake ya mwezi mtukufu yanasubiriwa kama tamthilia zenyewe za Ramadhani. Hakuna Aya wala Hadithi inayokitaja. Ni utamu unaomrudishia nguvu aliyefunga kutwa nzima, ni rangi, ni miaka mingi ya kusikia na kuona, mpaka watoto wakakua wakiamini kwamba futari bila Vimto ina upungufu.

Nirudi kwenye linalonisumbua zaidi. Tangazo la bia redioni lina onyo mwishoni: usinywe kupita kiasi, hairuhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18. Onyo hilo husomwa haraka, lakini lipo. Wimbo hauna onyo. Madee alipotoa "Pombe Yangu", wimbo mzuri wenye mdundo unaoshika, nilisikia watoto wa shule ya msingi wakiuimba njiani, kwa raha, neno kwa neno. Simlaumu Madee, alitunga kwa ajili ya watu wazima. Lakini redio haichagui sikio. Sisi wenye vipaza sauti tuliurusha saa saba mchana, na hatukufikiria nani yuko nyumbani saa hizo. Tanzania ilipopiga marufuku viroba vya pombe kali mwezi Machi 2017, sababu moja kubwa ilikuwa kwamba vipaketi vile vya bei ndogo vilikuwa vimefika mifukoni mwa wanafunzi. Sheria iliondoa paketi. Hamu iliyotangulia paketi haikuondoka siku hiyo, kwa sababu haikuuzwa dukani.

Na hapa niseme habari ya vinywaji vyetu vya asili, ambavyo navionea uchungu. Mbege ya Wachagga ina ndizi mbivu zilizochemshwa, kimea cha ulezi na gome la msesewa. Ulanzi wa Iringa na Njombe unagemwa kwenye mianzi wakati wa mvua. Mnazi unamtaka mgema apande asubuhi na jioni. Togwa haileweshi, na mtoto anaweza kuinywa. Warundi na Wanyarwanda wana pombe ya mtama inayonywewa kwa mirija kutoka chombo kimoja. Vinywaji hivi havikukosa utamaduni. Vilikuwa na nyimbo zake, na taratibu za nani aonje kwanza, nani apewe kata na nani asubiri. Posa ilikwenda na mbege. Msamaha uliombwa kwa mbege.

Kwa nini basi kijana wa Rombo anayefanya kazi mjini anaona aibu kuagiza mbege mbele ya wenzake? Sababu ya kwanza ni ya zamani. Wakati wa ukoloni bia ya chupa ilikuwa ya Wazungu. Tusker ilianza 1922, ikapewa jina la tembo mwenye pembe baada ya mmoja wa waanzilishi wake kuuawa na tembo, na kwa miaka mingi Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kuinunua. Ruhusa ilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Kitu kilichokatazwa kikawa kipimo cha hadhi, na tulipopata uhuru tulikinywa kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa mlango. Hiyo furaha naielewa, wala siikebehi. Lakini kibuyu kikabaki kule nyuma, pamoja na vitu vingine tulivyoambiwa ni vya washamba.

Sababu ya pili ni ya kibiashara. Mbege ya leo keshokutwa imechacha. Haisafiri mbali, haikai dukani, na bibi anayeipika Rombo hana fungu la kudhamini tamasha. Asiyeweza kudhamini hatajwi. Wapo waliojaribu kulivunja fundo hilo: Arusha, tangu miaka ya 1990, Banana Investments inatengeneza pombe ya ndizi ya chupa iitwayo Raha, na watu wananunua. Utaalamu umepatikana, kwa hiyo ndizi kuingia chupani si tatizo tena. Bado sijasikia msanii mkubwa akiiimba, wala sijaiona juu ya meza katika video ya harusi ya watu maarufu.

Kwa hiyo nina ombi. Katika vipindi vyetu vitatu vijavyo nataka kurusha nyimbo za kinywaji ambazo hakuna kampuni iliyozilipia: za kupika mbege, za wagema wa Tanga na Kilifi, za ulanzi, za kukaribisha wageni kwa togwa. Kama mama yako, babu yako au jirani anaujua mmoja, mrekodi kwa simu, hata kama sauti imezeeka na mbwa anabweka nyuma. Nitajie kijiji, na nieleze wimbo huo uliimbwa wakati gani, kabla ya kunywa au baada. Nitazipiga zote zitakazosikika vizuri, tena saa za jioni, watu wakiwa wanatoka kazini na hawajaagiza chochote.